Toba ya Kinyozi

Mtaani hakuna aliyemwita kinyozi yule kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Redio, na jina lilimkaa sawasawa. Ukiingia dukani kwake asubuhi utamkuta anaongea, ukipita jioni anaongea bado, na hata alipokuwa ananyoa nyuma ya sikio, mahali panapotaka utulivu, mkono ulifanya kazi yake na mdomo ukaendelea na yake. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu ukutani, na benchi la wanaosubiri zamu. Kiti cha pili kilikuwa cha kinyozi mwenzake, mtu mpole aliyezoea kucheka mabega tu bila kutoa sauti. Benchi halikukauka watu. Wengine walikuja wamenyolewa juzi, wakakaa kusikiliza.

"Wewe nitakutoza nusu," alimwambia mzee mwenye upara, "nusu ya kazi Mungu ameshaimaliza." Mwenye masikio makubwa alimwuliza kama amekuja kunyolewa au kupaa. Benchi likacheka, na aliyechekwa akacheka kuliko wote, kwa sababu kununa dukani kwa Redio kulikuwa kujitafutia balaa. Ungerudi kesho ukakuta umeshageuzwa hadithi.

Hata kanisani alikuwa na nafasi yake. Alikuwa mzee wa kanisa, na kila Jumapili ndiye aliyesoma matangazo. Waliosinzia wakati wa mahubiri waliamka wakati wa matangazo, wakarekebisha nguo na kukaa vizuri. Mchungaji mwenyewe alikiri kwamba sadaka ilikuwa nzuri zaidi ikikusanywa Redio akishashuka.

Na alikuwa na binti, mmoja tu.

Mtoto huyo alikuja kwa kuchelewa, wakati mama yake ameshajizoeza kubeba watoto wa wenzake bila kulia. Redio alimpenda, hilo Mungu ni shahidi. Alimtembeza mabegani, akamchongea penseli zake kwa wembe wa dukani, akakesha naye alipougua surua. Lakini tangu mtoto alipoanza kuunganisha maneno alikuwa na kigugumizi. Neno lilifika mlangoni, likagonga, likagonga tena, halafu likatoka kwa kishindo. "Ma-ma-ma-maji." Baba yake hakuwahi kusikia kitu akakiacha bila kukigeuza kichekesho. Akawaambia watu wa benchi: "Sikilizeni, jamani, nimezaa cherehani!"

Jina likamganda mtoto. Alipotoka shule alileta chai dukani, birika mkono huu, vikombe mkono ule, na wateja walikuwa wanamsubiri. "Haya, Cherehani," baba yake anasema, "tushonee habari za shule." Mtoto anaanza, anakwama. Baba anamwiga, ta-ta-ta-ta, mguu unakanyaga sakafu kama wa fundi nguo, na benchi linashika mbavu. Mtoto naye alicheka. Baadaye, Redio alipokuwa anayakumbuka hayo yote moja moja, hilo ndilo lililomchoma kuliko mengine, kwamba mtoto naye alicheka.

"Mwache mtoto, baba," mkewe alimwambia mara nyingi.

"Ni utani tu, mke wangu. Mwenyewe anajua nampenda."

Mwaka mmoja, watoto wa kanisa wakapewa kila mmoja maneno ya Maandiko ya kusema kwa kichwa mbele ya watu. Binti alipewa ya mchungaji aliyewaacha kondoo wake wote akamtafuta mmoja aliyepotea. Alisimama mbele, soksi nyeupe, mikono ameibana ubavuni. Akaanza vizuri. Katikati akakwama. Kanisa lilikuwa kimya, wengine wamefumba macho kama wanaomsukumia neno kwa maombi. Ndipo kutoka benchi la wazee ikasikika sauti ya baba yake: "Uzi umekatika!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mtoto alisubiri mpaka kicheko kikaisha, kisha akarudi kukaa bila kumaliza.

Tangu siku hiyo hakusema mbele ya baba yake ila lile lililolazimu. Ndiyo. Hapana. Chakula tayari. Redio alisema binti amekua, ameingiwa na haya ya kike. Binti akamaliza shule, akapata kazi mji mwingine, akaolewa huko. Ujumbe wa harusi ulipofika, ulimwita mama peke yake. Redio akawaambia watu wa benchi: "Ningekwenda, lakini hivi vichwa vyenu ningemwachia nani?" Wakacheka. Jioni hiyo alifagia nywele sakafuni mara mbili, mwenzake akimtazama tu.

Miaka ikapita hivyo. Mjukuu akazaliwa, wa kike, na Redio akamjua kwa picha.

Jumapili moja akaja mhubiri mgeni, mwanamke wa makamo mwenye miwani, kutoka kanisa la jirani. Akapanda mimbarani, akasalimu kwa ishara ya kichwa, akafungua kinywa. "T-t-t-t..." Neno halikutoka. Watu wakaangalia viatu vyao.

Redio alikuwa ameketi na mzee mwenzake wa kanisa. Hakufikiri, ulimi ulimtangulia kama kawaida yake. Akamwinamia, akanong'ona: "Cherehani nyingine hii." Mzee mwenzake akaziba pua kwa leso, mabega yakimtikisika. Redio akageuka kuona nani mwingine amesikia, akakutana na macho ya mkewe.

Mkewe hakuwa amekasirika. Hasira yake angeivumilia. Alikuwa anamtazama kama mtu anayeitazama nyumba yake ikiungua, ameshaacha kuita majirani.

Mbele, yule mama hakuinamisha uso. Hakuliruka neno, wala hakutafuta lingine jepesi. Alisimama nalo, kope zinacheza, mshipa wa shingo umekaza, mpaka likatoka lote.

"Tubuni."

Redio alikuwa amelisikia neno hilo tangu anabebwa mgongoni. Lilikuwa limempita maisha yake yote kama mtu wa njia. Siku hiyo lilichukua muda mrefu mno kufika, hata hakuweza kujifanya hayupo nyumbani. Mahubiri mengine hayakumwingia. Ulipofika wakati wa matangazo akayasoma makavu, kama anayesoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa, na watu wakabaki wametayarisha vicheko visivyo na pa kwenda.

Watu walipotawanyika akamfuata mhubiri nje, penye ngazi.

"Mama," akasema, "nimekukosea. Ulipokwama, mimi nilikucheka."

"Nilikuona," mama akajibu.

"Nisamehe."

"Ni-nimekusamehe." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo. "Lakini, baba, kicheko kile hakikuwa kigeni kinywani mwako. Mi-mimi si wa kwanza, sivyo?"

Redio akainamisha kichwa.

"Basi nenda kwa wa kwanza," mama akasema, akampa mkono wa kwaheri.

Nyumbani alimkuta mkewe anapanga vyombo. Akakaa kwenye kigoda cha jikoni, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kukaa.

"Yale maneno ya kondoo," akaanza. "Siku ile kanisani. Unakumbuka?"

Mkewe akaendelea kupanga sahani. "Alijifunzia papa hapa. Kila jioni, mimi napika, yeye amesimama pale mlangoni. Aliyasema yote, baba. Mwanzo mpaka mwisho, bila kukwama hata mahali pamoja. Siku mbili kabla ya ile Jumapili aliyasema mpaka nikaacha mwiko nikampigia makofi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema basi cherehani imepakwa mafuta."

Redio akajaribu kukumbuka kama kweli alisema hivyo. Hakukumbuka. Alikuwa amesema mengi mno maishani mwake. Akainama pale kwenye kigoda, akalia kwa sauti, na mkewe akaendelea na vyombo mpaka vikaisha, kwa maana yeye machozi yake juu ya jambo hilo alikuwa ameyamaliza zamani.

Jumapili iliyofuata akamwomba mchungaji nafasi. Akasimama mbele, akashika pembe za meza. "Ndugu zangu, leo sina matangazo. Nimekuja kutubu."

Kanisa likacheka. Lilicheka kwa moyo mweupe kabisa, maana ni Redio, na Redio akisema ametubu lazima mbele kuna kitu.

"Nina dhambi ya ulimi," akasema.

Wakacheka zaidi. Mmoja akaitikia kutoka nyuma: "Hiyo tunaijua!"

Akangoja. Akawaambia kuhusu mtoto aliyesimama mahali pale pale alipokuwa amesimama yeye, na alichomfanyia, na kwamba kabla ya siku hiyo alimfanyia hivyo kila siku, penye watu, kwa miaka. Akalitaja jina la binti, lile alilobatizwa, na baadhi yao ndiyo kwanza walisikia kwamba ana jina. Kicheko kikafa kidogo kidogo, safu kwa safu. Pale nyuma kuna mmoja aliyechelewa kuelewa, akaendelea kucheka peke yake, mpaka jirani yake akamshika goti.

Baada ya hapo kazi ikawa dukani, na dukani ndiko kulikokuwa na jasho. Kutubu kanisani ni saa moja. Kukaa na ulimi wako mchana kutwa mbele ya benchi lililozoea kulishwa ni jambo jingine. Wateja walimwuliza kama anaumwa. Mmoja akamwambia, "Redio, umeishiwa betri?" na Redio akalazimika kuuma meno, maana jibu lilikuwa tayari, na lilikuwa zuri sana. Kuna siku alipita mchukuzi wa mizigo mwenye mguu mfupi, na kabla Redio hajajijua, kichekesho kikawa kimeshatoka na benchi limeshacheka. Akazima mashine. Mteja akabaki kitini na nywele za upande mmoja. Redio akatoka nje, akamkimbilia yule mchukuzi, akamwambia alichosema na kumwomba msamaha.

"Mzee, mimi hata sikusikia," mchukuzi akasema kwa mshangao. "Ungeniacha na amani yangu."

Ndiyo hivyo, alikuwa anajifunza, na anayejifunza huharibu. Lakini kwa kuwa sasa hakuwa na la kusema, akaanza kuuliza. Mteja mmoja aliyemnyoa tangu ujana alimwambia, kwa swali dogo tu la habari za nyumbani, kwamba amezika watoto wawili, wa pili mwaka juzi. Miaka yote hiyo Redio alijua kila kovu la kichwa kile, na ya ndani hakuwahi kuyauliza.

Benchi likapungua. Wenye kutaka kucheka wakahamia kwa kinyozi wa barabara ya pili. "Utatuua njaa na wokovu wako," kinyozi mwenzake alimwambia, ingawa kwa upole.

Redio aliogopa safari ya kwenda kwa binti kuliko yote hayo. Mkewe alimpa maelekezo, hakusema nenda wala usiende. Akapanda basi la asubuhi, amevaa koti lake la kanisani.

Binti alikuwa na duka la vyombo vya plastiki: mabeseni, ndoo, majagi, yamepangwa mpaka barabarani. Redio alisimama ng'ambo ya barabara akasikia sauti ya mwanamke akibishana na mteja juu ya ndoo. "Dada yangu, ndoo hii hata mjukuu wako ataichotea maji. Igonge. Igonge tena! Ikipasuka nakupa mbili. Hiyo ya kule uliyoiona ni karatasi, utafika nyumbani umebeba kishikio." Mteja anacheka, sauti inaendelea, laini, ya haraka, inateleza kama maji juu ya jiwe. Redio akatazama kumtafuta mwenye duka huyo mwenye maneno, akidhani binti yake yuko ndani. Ilimchukua muda kuelewa kwamba ndiye huyo. Hakuwahi kuisikia sauti ile. Na mdomo ule, akatambua, ulikuwa wake yeye. Mtoto aliurithi mzima mzima, na yeye ndiye aliyeufunga.

Akavuka barabara.

Binti akainua macho. Ndoo ikabaki hewani mkononi mwake. "Ka-ka-ka..." akaanza, labda karibu. Mteja akamtazama kwa mshtuko. "Dada, umepatwa na nini?" Hakuwahi kumwona hivyo.

Mjukuu alikuwa ndani ya beseni kubwa, anacheza na vifuniko.

"Mwanangu," Redio akasema. Njiani kote alikuwa amepanga maneno, na mengi yalikuwa mazuri, akayaacha. "Nilikucheka mbele za watu. Nilikupa jina la aibu na watu wakalitumia. Ulikuwa mtoto, na mimi nilikuwa baba yako. Sina la kujitetea. Nimekuja kukuomba msamaha."

Binti akaweka ndoo chini. Akafungua kinywa.

"N-n-n..."

Redio alijua neno hilo linakwenda wapi. Nimekusamehe. Nililisubiri. Niliumia. Ulimi wake wa zamani uliruka kutaka kumsaidia, kama alivyomkatiza na kumalizia maneno maisha yake yote, akaushika kwa meno. Akangoja. Alimtazama usoni, akangoja, na moyo wake ukawa unaomba, na kwa mara ya kwanza tangu amzae alimwachia neno lake alilete mwenyewe mpaka mwisho.

"N-n-na-naomba uondoke, Baba."

Redio hakusogea.

"Ukiwa hapa," binti akasema, machozi yakimshuka bila kuyafuta, "n-n-nakuwa yule. U-u-unaona? Nimeacha kuwa yule. Na-naomba."

"Ndiyo," Redio akasema. "Nimeona, mama."

Akamtazama mjukuu mara moja, asimguse, akavuka barabara kurudi alikotoka. Alipokuwa anangojea basi alitega sikio kama ataisikia tena ile sauti ya kuuza ndoo. Hakuisikia.

Aliporudi nyumbani alikuwa na uchungu uliochanganyika na hasira. "Nimejishusha," alimwambia mkewe. "Nimetubu mbele ya kanisa, nimetubu mbele yake. Nifanye nini tena? Amenifukuza kama mbwa."

Mkewe alikuwa anakunja nguo. "Ulikwenda kutubu, au ulikwenda kulipwa?"

Redio akainuka atoke nje, akaishia mlangoni, akarudi, akakaa. Hakulijibu swali lile usiku huo wala kesho yake. Alilibeba kwenda dukani na kurudi nalo. Mwisho akamwambia mkewe, "Ukienda kumwona, usinisemee. Asije akadhani nimekutuma."

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila mkewe alipokwenda kwa binti, Redio alimbebea mfuko hadi kituo cha mabasi, akamtafutia kiti cha dirishani, akarudi dukani. Mkewe aliporejea, alikwenda kumpokea. Hakuuliza kama ametajwa. Aliuliza kitu kimoja tu: "Anaongea?"

"Anaongea sana," mkewe husema. "Hata kulala sikulala." Na Redio hutikisa kichwa, hugeukia pembeni, hujifanya anabadili mkono wa kubebea mfuko.

Mtaani watu waliendelea kuuliza, "Cherehani hajambo?" Kila mara aliwatajia jina lake. Wengine walichoka kusahihishwa wakaacha kuuliza.

Kisha ikaja safari moja ambayo mkewe alishuka kwenye basi kimya, akatembea kimya mpaka nyumbani. Redio akadhani kuna msiba. Akamvutia kiti.

"Mtoto ameanza kukwama," mkewe akasema.

"Mtoto gani?"

"Mjukuu wako. Tangu alipoanza kusema maneno marefu. Kama mama yake, vile vile."

Redio akashika ukingo wa meza. "Na mama yake anafanyaje?"

"Anamsubiri. Anachuchumaa, anamtazama machoni, anasubiri mpaka amalize. Hata kama mteja amesimama, mteja naye anasubiri."

"Hakuna anayemcheka?"

"Hapo dukani hakuna. Lakini mwakani anaanza shule." Mkewe akafungua mtandio, akaukunja, akaufungua tena. "Tena binti yako amenituma."

Redio akainua uso. Tangu alipoondoka, binti hakuwahi kumtumia baba yake neno.

"Amesema, mwambie Baba amwombee mtoto. Asije. Amwombee."

Akamwomba mkewe ayarudie, na mkewe akayarudia kama yalivyo, pamoja na lile asije. Kisha Redio akapiga magoti papo hapo, kati ya meza na mlango wa jikoni, na mkewe akapiga magoti kando yake. Mtu aliyeweza kuongea kutoka asubuhi hadi jioni alikaa kimya muda mrefu, akipumua tu.

"Bwana," akasema mwisho, "mtoto huyu aseme. Na akikwama, usimkutanishe na mtu kama mimi."

"Amina," mkewe akasema.

Akamshika mumewe mkono kumsaidia kuinuka, maana magoti yake yalikuwa yamezeeka kabla ya kuizoea kazi hiyo.